Mkunga Niliyemshika kwa Mkono Mtupu

Mwezi wa kwanza mwaka huu, hapa hapa Dubai, niliumwa na samaki aliyekufa.

Tena hakuwa amekufa. Na huo usamaki wenyewe utaujua mbele.

Naitwa Yasir, mzaliwa wa Mombasa, Kibokoni. Kazi yangu ni kutandika taulo na kufungua miavuli kwenye ufukwe wa jengo moja la matajiri. Jina la jengo silitaji, mshahara wao bado nautaka.

Getini mwa ufukwe huo kuna sekyuriti Mganda, anaitwa Matia. Mtu wa Kabale. Kwao milima na viazi. Bahari aliiona mara ya kwanza akiwa na miaka thelathini na moja, siku aliyoripoti kazini.

Na huyo ndiye aliyejitia kujua viumbe vya baharini!

Alikuwa na app kwenye simu. Ukiona kiumbe unakipiga picha, unaandika umekiona wapi na lini, unakirusha. Watu waliovisomea, kila mmoja nchi yake, wanakuambia ni kitu gani, kisha mwingine anathibitisha au anapinga. Yote yanawekwa humo, hifadhidata ya dunia nzima. Ukitaka kulinganisha unafungua tu.

Matia alishatia humo viumbe mia nne na kitu. Mijusi. Njiwa. Mpaka majani yaliyoota kando ya kituo cha basi pale Al Nahda, tunakoishi chumba kimoja watu sita.

"Profesa," nikamwambia siku moja, "huyo kunguni wa kitandani kwako umemsajili?"

"Nilimsajili mwezi wa kumi," akajibu, hata tabasamu hana. "Walithibitisha."

Chumba kizima tulicheka mpaka machozi. Nilimdharau yule bwana kwa moyo wangu wote, siwafichi. Mtu mzima, analinda geti masaa kumi na mbili, halafu mapumziko yake anachutama mchangani kupiga picha kaa!

Mwenye bahari pale nilikuwa mimi. Wapangaji wakiuliza, nawaambia mimi mtoto wa pwani, na wanaamini. Madam Ghada, meneja wetu, Mlebanoni, alikuwa akiniita "Captain". Sikumkatalia.

Sasa siku yenyewe. Baridi ya Januari, upepo ulikuwa umevuma siku mbili, bahari imetapika takataka ufukweni. Saa kumi jioni kulikuwa na sherehe ya watoto wa wapangaji. Watoto arobaini, maputo yameshafungwa.

Saa nne asubuhi namkuta Matia amezungusha utepe mwekundu ufukwe mzima. Amefunga!

Ndani ya utepe, juu ya mwani, kimelala kitu kirefu, mgongo mweusi, tumbo la njano. Hakitikisiki.

"Nyoka wa baharini," Matia akasema, simu mkononi. "Sumu yake ni kali. Nimelinganisha picha, nimetuma, sasa nangoja wathibitishe. Mtu asisogee, please."

Madam Ghada akafika, visigino vinazama mchangani, uso umeiva.

"Matia, mwezi uliopita nilikupa onyo kwa kuzubaa na simu. Kama huyo ni samaki tu na umenifungia ufukwe, khalas, unarudi kwenu." Akanigeukia. "Captain, ni nini hiki?"

Kazi ya mtu ilikuwa mdomoni mwangu. Ana mke na watoto wawili Kabale, picha zao kazibandika juu ya kitanda, nazitazama kila nikivaa viatu. Ningeweza kusema sijui. Lakini Captain hasemi sijui.

"Samaki tu huyo, madam, mkunga. Kwetu tunamla. Huyu mtu wa milimani atamjulia wapi?"

"Ndugu yangu Yasir, mkunga hana magamba," Matia akasema taratibu. "Na angalia mkia, umebapa kama kasia. Naomba umwache."

Mimi! Nifundishwe mkia na mla viazi!

Nikaruka utepe. Nikainama, nikamshika katikati, nikamwinua juu ili madam amwone vizuri.

"Banange! Mwache huyo!" Matia akapiga kelele.

Mkunga akageuza kichwa.

Aliniuma karibu na kidole gumba, kidogo tu, kama mtu aliyechoshwa na maneno yangu. Nikamtupa kule. Ukelele nilioutoa waliusikia mpaka ghorofa ya ishirini, nimeambiwa hivyo na wasafishaji.

Hapo acha niseme ukweli ambao pale kazini hakuna aliyekuwa anaujua. Bahari mimi siijui. Kibokoni nilikuwa nauza kava za simu. Marehemu baba alikuwa karani. Mkunga pekee niliyewahi kukutana naye alikuwa vipande, ndani ya mchuzi. Hata kuogelea sijui.

Aliyenilaza chini ni Matia.

"Usitembee, usiutikise mkono. Pumua pole pole."

Akanifunga bendeji, akaita ambulensi. Ilipofika akawaonyesha wahudumu simu yake. Tayari watu wawili walishathibitisha jina la nyoka, na daktari akajua mara moja anapambana na nini.

Nililazwa mpaka kesho yake, nalia, namwomba Mungu. Sumu haikuingia. Daktari alisema nyoka hao mara nyingi huuma bila kuitoa. Hata nyoka aliniona sistahili.

Matia hakufukuzwa. Madam alimwomba radhi mbele ya wafanyakazi wote, na sasa kila Alhamisi anatufundisha viumbe vya ufukweni. Mimi nakaa mstari wa mbele. Captain hakuna tena, naitwa Yasir.

Nikadhani yamekwisha.

Wiki mbili baadaye binti yangu Hilwa, yuko shule Mombasa, akanitumia ujumbe. Mwalimu wao wa sayansi alikuwa amewafungulia ile hifadhidata, somo la nyoka wa baharini.

"Baba, huu mkono si wako? Naona pete yako ya jiwe la kijani. Darasa zima wamecheka."

Nikafungua. Mkono wangu huo, pete yangu hiyo, nyoka ananing'inia, mkia unaonekana wazi wazi. Chini yake mtaalamu mmoja kaandika: "Picha nzuri sana ya mkia. Tafadhali msimshike kama mtu huyu."

Nikamkimbilia Matia. Akaniambia alikuwa ameinua simu kuupiga picha mkia, mimi nikaingia kwa miguu yangu.

"Ifute, ndugu yangu. Nakuomba. Mtoto wangu ameiona."

Akanitazama kwa huruma, na hapo ndipo iliponiuma kuliko meno ya nyoka.

"Nitaomba wafunike pete," akasema. "Lakini picha ibaki. Kuna mtoto mahali ataiona, hatamshika."



Wewe unayesoma, ukiulizwa usichokijua, sema hujui. Usione haya mbele ya mtu yeyote, awe meneja wako au mla viazi. Mimi neno hilo lilinishinda, na sasa wageni wa nchi nisizozijua wanaonywa kwa mkono wangu, na umeshathibitishwa.