Kaa Mkobani Siku ya Posa

Bu Wagiyem alipoweka vigae sebuleni, kijiji kizima kilijua aliyelipa. Hakuwa mumewe, maana Pak Karso alifariki binti yao akiwa bado ananyonya. Shamba nalo hakuwa nalo, hata la kupandia mchicha. Basi kwa akili za majirani alibaki mmoja tu: tuyul, kile kitoto chenye kipara, kisichovaa nguo, kinachofugwa chumbani na kutumwa kwenda kuchomoa noti za watu.

"Chuma ulete yule," Bu Saminten, jirani mwenye duka, alimwambia kila aliyekuja kununua sabuni. "Alfajiri namsikia anakiogesha. Chubwi, chubwi, chubwi! Na yale maji meupe anayomwaga mtaroni ni nini kama si maziwa?"

Watoto, waliomjua tuyul wa kwenye televisheni anayejikwaa ovyo na kuchekesha, walichungulia dirishani wakitumaini kumwona. Wakubwa hawakuchungulia. Walifunga pochi zao kwa pini.

Bu Wagiyem aliyasikia yote. Chumba cha nyuma chenye kufuli alikuwa nacho, kweli. Kuamkaamka usiku kwenda kukitazama, kweli pia. Lakini alikuwa na kiburi cha mtu anayekula jasho lake, na mimi kiburi hicho nakipenda: aliona kwenda kujieleza kwa Saminten ni kujishusha bure.

"Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji," alimwambia binti yake, Puryanti.

"Mama, safari hii ng'ombe ni mimi," Puryanti alijibu, "na maji yenyewe ni Wibowo."

Wibowo alikuwa mchumba wa Puryanti, kijana mpole wa mji wa pili, na wazazi wake walikuwa waje kuposa. Hakuna mzazi anayemwoza mwanawe katika nyumba yenye tuyul. Watu husema utajiri ule hudai maisha ya anayeingia, na neno moja tu la dukani lingetosha kuvunja kila kitu.

Siku ikafika. Wageni waliketi mkekani, wakapewa chai tamu, wali wa kunata uliofungwa kwa majani, na tempe ya kukaanga, ile soya iliyochachushwa ikashikana kama mkate, iliyomfanya Bu Wagiyem ajulikane sokoni. Bu Hartinah, mama yake Wibowo, alikula kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa umebana mkoba mapajani. Alipopokea kikombe cha pili ilibidi auweke chini.

Mkoba ukatikisika. Ukatoka mguu mmoja, kisha gando, kisha kaa mzima wa mtoni, mweusi, akaanza kukwaruza vigae kwa upande akielekea kwenye sahani.

Hakuna aliyeuliza kaa anatafuta nini posani. Kila mtu mle ndani alijua: tuyul ni mtoto, akimkuta kaa karibu na fedha hucheza naye hadi akasahau kuiba. Kwa hiyo Bu Hartinah alikuwa amemwambia mwenyeji wake, bila kufungua kinywa, kwamba ni mwizi.

"Mama!" Wibowo alipiga kelele. "Umekuja kuposa na kaa?"

"Yule mama wa dukani hapo nje..." Bu Hartinah alianza, uso umemwiva. "Kanipa mwenyewe. Kasema ni kwa usalama tu."

Puryanti alijifunika uso. Hasira ilimpanda Bu Wagiyem hadi masikio yakavuma, akatamani kuwatoa wote mbio. Badala yake aliinama, akamkamata kaa mgongoni, akafungua fundo la kanga yake na kutoa ufunguo.

"Asante, dada. Umemletea mwanangu mchezo. Njoo basi umsalimie mwenyewe. Lakini nawa mikono, hapendi uchafu."

Chumbani kulikuwa na joto na harufu ya uyoga. Vichanja vya mianzi vilijaa vifurushi vya majani ya mgomba, vimefunikwa magunia. Bu Wagiyem aliinua gunia, akaushika mkono wa mgeni na kuuweka juu ya kifurushi.

"Kina joto!" Bu Hartinah alishtuka.

"Ni tempe inayochachuka. Kina joto kwa sababu ki hai. Kikipoa naamka kukifunika, kikizidi moto naamka kukifunua. Mtoto mchanga ana nafuu. Hayo maziwa ya Saminten ni maji niliyochemshia soya. Na anayeoga alfajiri ni hii hapa." Akapandisha kanga kidogo, akaonyesha miguu yake, nyayo nyeupe zilizokunjamana kwa maji. "Nakanyaga soya zitoke maganda tangu nikiwa msichana. Miguu hii ndiyo iliyoweka vigae vyangu. Tuyul wangu sikumtoa kwa mganga, nilipewa na mama, naye alipewa na mama yake."

Kisha akamnyooshea kaa.

"Simtoi binti yangu kwa watu wanaomwogopa. Ukiniamini, chai ipo. Ukiwa na shaka, mchukue huyu, mwende."

Bu Hartinah hakuuondoa mkono wake kwenye kile kifurushi. Machozi yalimlengalenga.

"Nisamehe, dada. Nimebeba aibu mkobani nikidhani ni akili."

Kaa akatupwa mtaroni, na posa ikapokelewa.

Siku ya harusi, Bu Hartinah mwenyewe aliketi mlangoni kando ya sanduku la zawadi za fedha. Bu Saminten alikuja na bakuli lililofunikwa, akamnong'oneza: "Weka hapo chini ya sanduku. Mle ndani kuna kaa. Unajua nyumba hii tena."

Bu Hartinah alilipokea bakuli, akaita jikoni kwa sauti ya kusikika na kila mgeni: "Mama Saminten kaleta kitoweo! Kitieni kwenye mchuzi!"

"Na tuyul je?" Saminten aliuliza, akiangaza huku na huku.

"Yuko jikoni, anakaangwa. Karibu, dada, ule."

Bu Saminten alikula. Akaomba kuongezwa.