Mama Soli Hataki Baiskeli ya Majaribio

Mdanganye Mama Soli kwa lolote, ila si kuhusu mpira, uwe wa kiatu au wa tairi. Miaka ishirini na sita ameketi kwenye kibanda chake mkabala na lango la hospitali, akishona viatu vya manesi, vya walinzi na vya madaktari wanaoburuza miguu. Akikigeuza tu kiatu chako, ameshajua unakanyagia upande gani na kama ulisema kweli uliposema umekinunua juzi. Wengine huuita uchawi. Uchawi wapi! Ni macho yaliyochoka kudanganywa.

Siku hiyo aliingia duka la baiskeli na wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuja kwa mambo mawili: kumsindikiza, na kuhakikisha hagombani na mtu. La kwanza aliliweza.

Baiskeli yenyewe ilikuwa ya buluu, ina karieri pana, imesimama peke yake karibu na mlango. Mama Soli aliihitaji kwa kazi. Kila asubuhi huzunguka ofisi kwa ofisi akikusanya viatu vibovu, jioni anavirudisha, yote kwa miguu, na magoti yalikuwa yamekwisha kumpa notisi. Kwa kazi hiyo ingetosha baiskeli yoyote kuukuu ya mnadani. Lakini yeye alitaka mpya. Alizaliwa na fundi viatu, akakua akivaa viatu ambavyo wenyewe walisahau kuvifuata. Sare ya shule alirithi kwa dada yake, kitanda kwa shangazi, na hata cherehani yake ina jina la mtu mwingine limechongwa ubavuni. Alikuwa ametimiza miaka hamsini na mbili bila kumiliki kitu kilichoanza naye, na aliapa kwamba hiki kitaanza naye.

"Mpya kabisa, mama," alisema muuzaji, bwana mmoja mwenye kalamu tatu mfukoni. "Hata wiki haina tangu ifike."

Mama Soli alivaa miwani, akachuchumaa, akaanza kuisoma baiskeli kutoka chini kwenda juu, kama anavyosoma kiatu.

"Hii imepandwa," alisema.

"Haijapandwa na mtu, mama."

"Njoo uone. Tairi mpya huwa na vinywele vya mpira. Pembeni vipo. Katikati viko wapi? Vimeenda kunyolewa?"

Muuzaji alicheka kicheko cha mtu anayetafuta mlango wa kutokea.

"Tazama pedeli. Ya kulia imelika kuliko ya kushoto. Na raba za breki zimelika kuliko tairi." Aliinuka, mkono gotini. "Baiskeli hii haijafika mbali, baba, lakini imeondoka mara nyingi na kusimama mara nyingi. Kila anayeingia hapa mnampa aende nayo mpaka pale kwenye kona na kurudi. Nasema uongo?"

"Mama, kujaribiwa si kutumika."

"Sawa. Niandikie hivyo kwenye risiti. Andika: imejaribiwa na mtaa mzima. Au nifungulie mpya, ya kwenye boksi."

Muuzaji hakuandika. Badala yake alileta kengele na pampu, akasema hivyo ni zawadi, ila boksi halifunguliwi.

"Wifi, chukua twende," wifi yake alinong'ona. "Inakwenda, inasimama, na pampu juu. Unataka nini tena? Watu wanatutazama."

"Watazame. Kutazama nako ni bure, kama pampu." Kisha sauti ikampanda. "Maisha yangu yote nimepokea vya watu nikasema asante. Viatu vya waliosahau. Kitanda cha marehemu. Hata huyo kaka yako, wifi, nilimkuta ameshaendeshwa na mwenzangu miaka sita, breki hana, nikamtengeneza mwenyewe. Nililalamika?"

Duka zima likaangua kicheko. Wifi mtu alijifunika uso kwa mtandio, na mabega yakawa yanamcheza, maana kaka yake anamjua.

Kicheko kilimtoa mwenye duka ofisini. Muuzaji alimweleza kwamba mama huyu anataka ya kwenye boksi, na kwamba ameshaambiwa: hapa boksi halifunguliwi mpaka ya mlangoni inunuliwe. Ndio utaratibu.

"Utaratibu wenu ni kumngoja mjinga aondoke na hii," alisema Mama Soli. "Leo mjinga hajaja. Nipeni stuli, nikae hapa mlangoni. Kila mteja nitamgeuzia tairi naye aone."

Hakungoja kupewa. Aliivuta mwenyewe, akaketi. Mteja wa kwanza alipokanyaga kizingiti, Mama Soli alimwambia kwa adabu, "Karibu, baba, njoo nikuonyeshe kitu." Mwenye duka alikunja uso, akamwita fundi, akasema boksi lifunguliwe.

Fundi aliiunganisha baiskeli, ya buluu kama ile ya mlangoni, karibu saa nzima, Mama Soli amemsimamia, akimpa spana kabla hajaziomba. Alipomaliza alifuta mikono, na kwa mazoea akainua mguu ili aipande.

"Unakwenda wapi?"

"Naijaribu, mama. Kila baiskeli lazima niizungushe kidogo."

"Shusha mguu."

"Lakini breki zikikataa..."

"Zinikatalie mimi. Shusha mguu."

Fundi akashusha mguu.

Mama Soli hakuwa amepanda baiskeli tangu usichana wake, alipokuwa akiiba ya kaka yake. Aliisukuma nje, akakusanya gauni, akapanda. Hatua ishirini alikwenda vizuri. Ya ishirini na moja, usukani ukaamua mambo yake, na ukuta wa jirani ukampokea.

Wifi alikimbia akipiga kelele. Goti lilikuwa linatoka damu, na kwenye buluu ile mpya palikuwa na mkwaruzo wa urefu wa kidole. Kule mlangoni muuzaji alitikisa kichwa. "Si hiyo, ameshaiharibu," alisema.

"Wifi, umeumia?"

Mama Soli alikuwa akipitisha kidole juu ya mkwaruzo, polepole, machozi yakimlengalenga, na hakujisumbua kuyaficha.

"Umeuona huu?" alisema. "Huu nimeutia mimi."

Akaiinua baiskeli, akaifuta vumbi kwa upindo wa gauni, akapanda tena.