Kiswahili cha Babu

Nilisikia sauti kabla sijaona mtu. Ilitoka nyuma ya dirisha la mbao lililofungwa, sauti ya mzee anayesimulia bila haraka, kwa Kisukuma. Nilikuwa nimeshuka basi Dutwa na kuchukua bodaboda hadi kwenye ua wa minyaa, nikasimama pale na begi langu nikidhani babu ana mgeni. Maisha yangu yote sikuwahi kusikia Kisukuma kikitoka ndani ya nyumba ile.

Jirani, bibi kizee aliyekuwa akimletea uji, alinifungulia mlango. Mgeni hakuwepo. Aliyekuwa akiongea ni babu mwenyewe, amelala chali, anaitazama dari.

"Upande wa kulia hauinuki," jirani aliniambia, "na Kiswahili nacho kilimtoka siku ile alipoanguka. Kimekwenda chote. Lakini wewe anakutaja kila siku, ndiyo maana tukakupigia simu."

Wewe hukumjua babu, kwa hiyo huwezi kujua maneno hayo yalinichomaje. Ngoja nikueleze.

Tulikuwa tukiishi Morogoro, baba akiwa karani, na kila likizo ya Juni tuliletwa huku kuchuma pamba. Bado nasikia harufu ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ikichemka alfajiri, na mtindi ukisukwasukwa kwenye kibuyu. Maganda makavu ya pamba yalituchanja vidole mpaka tukishika chumvi tunaruka. Mchana tulichambua kivulini, nyeupe huku, yenye madoa kule, na babu alipita nyuma yetu kama anayekagua gwaride. "Mguu sawa!" Tunasimama, pamba zimejaa kwenye nywele. "Legeza!" Tunakaa. Tulicheka siku za kwanza tu.

Vita vya Kagera vilimchukua shambani akijua Kisukuma na nyimbo za kanisani. Vilimrudisha na kovu begani, koti la jeshi, na Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili cha amri, kifupi, kisicho na mahali pa kuweka mzaha. Akapiga marufuku lugha nyingine yoyote ndani ya kaya yake.

"Kule mbele," alitueleza mara moja tu, "kijana mmoja wa kwetu aliona hatari, akapiga kelele kwa Kisukuma. Wenzake walikuwa watu wa Mtwara, watu wa Tanga. Waligeuka wakamtazama. Walikufa wakimtazama."

Hakusema kijana huyo alikuwa nani, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Sitaki umwone kama mtu mbaya, ingawa ingekuwa rahisi kwangu. Hakunywa pombe. Alisomesha watoto wanane kwa jembe. Baba alipokuwa mdogo akashikwa na malaria ya kichwani, babu alimfunga mgongoni kwa shuka akaendesha baiskeli usiku wa manane mpaka hospitali ya Bariadi. Mimi mwenyewe nilipochomwa na mwiba alipiga magoti vumbini, akautoa kwa wembe bila mkono kutetemeka, akasema, "Pole, askari."

Lakini bibi hakujua Kiswahili. Alikuwa na maneno machache, kama mtu mwenye vyombo vichache: habali ya shule, kula, lala. Babu aliamuru, bibi akajibu kwa kazi za mikono yake. Sisi wajukuu tulikaa katikati, na kisimani watoto wa majirani walitucheka. "Waswahili wamekuja! Msukuma gani hajui hata kuomba maji?" Tulichota tukaondoka na ndoo zetu.

Nilipokuwa na miaka tisa bibi aliniita jikoni, akanifundisha salamu kwa kunong'ona. Nilirudiarudia siku tatu, naye akinipapasa shavu kila nilipopatia. Asubuhi ya siku ya nne babu alikuwa uani akinawa uso. Nikapiga magoti kama wasichana wa pale wanavyopiga. "Mwangaluka, guku." Za asubuhi, babu. Nikasubiri acheke.

"Nani amekufundisha?"

Nilinyoosha kidole jikoni. Kidole hiki hiki.

Alinisimamisha uani, mikono juu, mpaka jua likafika kwenye paa la jiko. Kisha akamwambia bibi, kwa Kiswahili, "Ukiongea nao tena, hawa watoto hawatakuja hapa." Bibi hakuyajua maneno yote, ila alielewa. Tangu siku hiyo alitulisha kimya. Nyama nono iliishia kwenye sahani yangu, karanga za kukaanga zikajaa mifukoni mwangu. Mara nyingine alifungua mdomo, akatazama mlangoni, akaufunga. Zilipita likizo tano hivyo, kisha akafa. Msibani, wanawake walikumbushana vituko vyake wakacheka mpaka wakalia. Kumbe alikuwa mchekeshaji. Nilisimama katikati yao nikiwa mjukuu wake wa damu, nisijue wanacheka nini.

Kwa hiyo nisikudanganye kwamba nilikwenda kuuguza. Nilikwenda kwa kitu kimoja: babu aniambie alitukosea.

Nilikaa pembeni ya kitanda. Akageuka, akanishika kifundo cha mkono kwa mkono wake mzima, akaanza. Aliongea mpaka uji ukashika utando. Mara moja aliinua mkono ule juu ya kichwa, ukatetemeka hewani, ukaanguka. Nilidaka minzi, maji. Nilidaka ng'wana, mtoto. Nilisikia jina la bibi. Mengine yote yalinipita kama mvua inavyopita juu ya bati. Simu ilikuwa mkononi mwangu, wala sikukumbuka kurekodi.

Alipomaliza alinitazama. Alikuwa anasubiri jibu.

"Ndiyo, babu," nikasema kwa Kiswahili.

Aliendelea kunitazama kidogo, kisha akafumba macho. Hakusema tena lolote mpaka tulipomzika.

Leo ukipita kaya ile, jiko la bibi ni mafiga matatu kwenye majani. Watoto wa binamu yangu wanaokaa pale wanaongea Kiswahili kizuri, hata na mbuzi. Babu alishinda, ila mwenyewe hayupo kupokea taarifa.

Ila siku ile, chumbani, jirani alikuwa amesimama ukutani muda wote. Yeye alisikia kila kitu. Nilipomgeukia alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Bibi, amesemaje?"

"Anauliza kama ng'ombe wameshafunguliwa."

"Hapa hakuna ng'ombe. Waliuzwa bibi yangu alipofariki."

"Basi ndivyo alivyouliza."

"Muda wote ule?"

"Mzee akiugua anazungukazunguka, mjukuu wangu."

"Ametaja jina la bibi. Nimelisikia."

"Ulilisikia." Aliinama akachukua bakuli lake la uji. "Sasa mbona unaniuliza mimi?"

"Niambie tu alichosema. Nakuomba. Mbona unalia?"

"Nalia kwa sababu naona wewe hulii."

Alijifunga khanga vizuri kiunoni, akamtazama babu mara moja, akatoka. Mlango aliurudisha taratibu, kwa mikono miwili, mpaka komeo likaingia.