Madamu Kosa na mtihani wa mara ya tatu

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, Ijumaa, chaki inagusa ubao wa kidato cha pili na mwalimu anaandika uongo mtupu.

Anaandika mabano, ndani yake tatu jumlisha nne, nje kipeo cha pili. Baada ya alama ya sawasawa anaandika tisa jumlisha kumi na sita. Jumla: ishirini na tano. Anapiga mstari chini ya jibu, mara mbili, kwa madaha, kisha anawageukia wanafunzi hamsini na wanane kama mtu aliyemaliza kazi.

"Kosaaaa!" darasa linalipuka.

"Kosa wapi? Mimi nimesoma, nyie mmesomea wapi?"

"Saba mara saba, Madamu! Arobaini na tisa!"

"Ala! Kumbe. Sasa hizo ishirini na nne zilizopungua kaiba nani?"

Wanafunzi wanatumia dakika sita kumsaka mwizi, na wakimpata wanapiga makofi. Kwa miaka kumi na moja kila somo la mwalimu huyu limeanza hivyo: analichukua kosa ambalo wengi hulifanya, analiandika kwa mwandiko mzuri na uso mkavu, kisha anawaachia watoto walivunje wenyewe. Shule nzima inamwita Madamu Kosa. Hata mkuu wa shule, akijisahau, humwita hivyo mbele ya wazazi.

Leo lakini hatulii. Anafundisha huku jicho moja liko mlangoni. Kivuli kikipita dirishani, anakatisha sentensi. Chaki imemvunjikia mara nne, na kipindi hakijafika nusu.

Ana sababu. Kesho anafanya mtihani wa somo la hisabati, kwa mara ya tatu na ya mwisho anayoruhusiwa. Kuanzia Jumatatu, kwa agizo jipya, asiye na leseni ya kufundisha haruhusiwi kusimama mbele ya darasa. Na Madamu Kosa, pamoja na makofi yote hayo, hana leseni.

"Nimekalia kuti kavu," anasema akifuta mikono kwa kitambaa nje ya darasa. "Mume wangu anasema siku hizi hata nikila naonekana kama nasubiri kuitwa."

Ilikuwaje akafundisha miaka yote hiyo? Mwalimu wa hisabati aliondoka katikati ya muhula, na yeye, wakati huo karani wa stoo ya shule, akaombwa ashikilie vipindi kwa wiki mbili. Wiki mbili hizo hazijaisha hadi leo. Analipwa kama mwalimu wa muda, theluthi moja ya mshahara wa jirani yake katika chumba cha walimu, na anafundisha vipindi vingi kumzidi.

Miaka minne iliyopita alijiunga na chuo cha ualimu, akawa anasoma wakati wa likizo. Alipofika kwenye mazoezi ya kufundisha, wakaguzi wawili walikaa nyuma ya darasa lake wakampa alama tisini na moja kwa mia. Kilichobaki ni mtihani wa somo, ule wa kuthibitisha kwamba mwalimu analijua analolifundisha, na zaidi ya hapo. Kufaulu ni alama sitini.

Mara ya kwanza alipata hamsini na nne. Hilo halimshangazi. Alikuwa amefundisha vidato vya chini tu, na hesabu za juu zilikuwa zimeota kutu.

"Nilistahili," anasema. "Sitaki mtu anionee huruma kwa ile. Daktari anapimwa, rubani anapimwa, mimi nani nisipimwe? Nilirudi nikasoma."

Alisoma kwelikweli. Mara ya pili alitoka ukumbini akiimba. Majibu yakaja: hamsini na saba.

Hapo ndipo alipochachamaa. Aliomba aonyeshwe karatasi yake, akasafiri hadi ofisi ya mitihani, akakaa kwenye benchi siku mbili. Siku ya pili ofisa mmoja akamtolea karatasi, akamwambia aangalie asiguse. Katika maswali sita, jibu sahihi lilikuwepo, safi, limepigiwa mstari mara mbili. Lakini juu ya kila jibu sahihi kulikuwa na jibu lingine, la uongo, nalo limeandikwa kwa mwandiko mzuri.

Alikuwa amefundisha. Mkono wake, uliozoea kuanza na kosa, ulianza na kosa ukumbini bila kumuuliza mwenyewe, halafu ukalisahihisha kama afanyavyo ubaoni. Na kanuni ya usahihishaji ni fupi: mtahiniwa akitoa majibu mawili, linasomwa la kwanza.

"Nilicheka," anakumbuka. "Halafu nikalia. Halafu nikacheka tena, ofisa akadhani nimerukwa na akili. Akaniuliza, 'Mama, hivi ulikuwa unamfundisha nani humu?'"

Wahenga walisema kosa moja haliachi mke. Ofisi ya mitihani inaacha.

Alasiri ya Ijumaa hiyohiyo, mwandishi wa makala haya anamkuta Madamu Kosa jikoni kwake, kwenye meza aliyoitengeneza mumewe, seremala. Juu ya meza kuna karatasi za mitihani iliyopita, saa ya ukutani iliyoteremshwa, na chai iliyopoa. Binti yake, mwanafunzi wa darasa la sita, amesimama pembeni na mwiko mkononi na mfuniko wa sufuria.

Kazi ya binti ni moja. Mama akianza swali kwa kosa, anapiga mfuniko.

Ngwaa!

"Nimefanya nini tena?"

"Umeanza, mama."

"Sijaanza, nilikuwa nawaza."

"Ulikuwa unawaza kwa kalamu."

Anayemwandalia maswali ni kijana wa miaka ishirini na sita ambaye shuleni walimwita Kifutio, kwa kuwa alikuwa hakubali mwingine afute ubao. Madamu Kosa alimfundisha vidato viwili. Leo Kifutio ni mwalimu wa hisabati katika shule nyingine, ana leseni mwaka wa pili sasa, na kila wiki huja kumnoa aliyemnoa.

"Mganga hajigangi, Madamu," anasema akisahihisha kwa kalamu nyekundu, na haya zimemjaa usoni. "Swali hili ungenipa mimi, ungenifundisha nikalielewa. Ukilifanya mwenyewe unaweka mtego, halafu unaingia mwenyewe."

"Usinitanie, mwanangu."

"Sikutanii. Kesho jifanye hujui kama kuna watoto duniani. Andika jibu, songa mbele."

Anajaribu tena. Maswali kumi kwa dakika arobaini. Mfuniko unalia mara mbili tu, na yote kumi yako sahihi. Binti anarukaruka. Madamu Kosa anainuka, anafungua dirisha, anakaa, anainuka tena kulifunga.

"Unajua kinachoniumiza?" anasema hatimaye. "Ili nipewe ruhusa ya kufundisha, lazima niache kufundisha kwa saa tatu. Na siwezi! Mkono huu ni wangu lakini haunisikii."

Akishindwa kesho, atasubiri miaka miwili kisha arudie kozi nzima. Ana umri wa miaka arobaini na miwili. Shule haitamsubiri. Mkuu wa shule ameshamwambia, tena kwa upole, na hilo ndilo linalouma zaidi.

"Huyu mama ndiye anayebeba hisabati hapa, nisiseme uongo," anasema mkuu huyo ofisini kwake, barua ya agizo ikiwa chini ya kiwiko. "Lakini mkaguzi akimkuta darasani bila namba ya leseni, mwenye kesi ni mimi. Na agizo lenyewe si baya. Tuliwahi kuwa na bwana mmoja hapa, anafundisha kemia ya kuhadithiwa. Watoto walikuwa wakimsahihisha! Sasa sheria haiwezi kuja na macho mawili, moja la yule bwana na lingine la Madamu."

Jumamosi, saa mbili na nusu asubuhi, watahiniwa mia na ushee wanaingia ukumbini. Wengi ni vijana wa chuo, viatu vinang'aa. Mmoja anamwamkia Madamu Kosa kwa heshima na kumuuliza vyoo viko wapi, akidhani ni msimamizi. Anamwelekeza.

Nje, mumewe anazunguka mti mmoja wa uani kama anayeupima apate mbao. Mzee huyu si msemaji. Katika saa tatu anasema maneno haya tu: "Mwandishi, we si umesoma? Huwa wanabana sana?" Kabla hajajibiwa, anaanza tena kuzunguka.

Saa tano na nusu kengele inalia. Madamu Kosa anatoka miongoni mwa wa mwisho. Haimbi.

"Vipi?" mumewe anauliza.

"Nimemaliza yote."

"Vizuri?"

"Swali la nne," anasema. "Mkono ulianza."

Alikuwa ameandika mstari mmoja wa kosa, mmoja tu, kabla hajajikamata. Maelekezo yanasema kilichokatwa kwa mstari ulionyooka hakisahihishwi. Kwa hiyo alikikata.

"Nilikikata," anasema wakielekea getini. Baada ya hatua kumi anasimama. "Nilikikata, si ndiyo? Naona kabisa mkono wangu unakata. Au nilikata jibu la swali la tano?" Swali la nne lina alama nane. Amepiga hesabu ya mengine yote tangu anainuka kwenye kiti, na kila akipiga, hizo nane ndizo zinazoamua.

Mumewe anamshika kiwiko. "Twende nyumbani, mke wangu. Karatasi imeshafungwa."

Majibu yatatoka baada ya wiki sita.

Jumatatu asubuhi kidato cha pili kina mwalimu mpya wa hisabati. Ni mwalimu wa jiografia, mtu mcheshi, mnene, anayependwa na wote. Amepewa kipindi kwa sababu moja tu: ana namba ya leseni. Madamu Kosa ameruhusiwa kukaa nyuma kama msaidizi. Amebanwa kwenye dawati la wanafunzi, magoti yamegusa mbao, daftari liko mbele yake.

Mwalimu wa jiografia anaandika ubaoni: hasi mbili x ni ndogo kuliko sita. Anagawa pande zote kwa hasi mbili, polepole, akichungulia kitabu. Anaandika jibu: x ni ndogo kuliko hasi tatu. Anapiga mstari chini.

"Kosaaaa!" wanafunzi wanashangilia. Wamefurahi. Wanadhani naye anawatega.

Mwalimu anatabasamu, kisha tabasamu linaanza kumtoka. Anautazama ubao, anatazama kitabu, anautazama ubao. Jasho linamtoka kwenye paji. Wanafunzi wanasubiri, shangwe inapungua, na mmoja baada ya mwingine wanatambua kwamba hakuna mtego. Mwalimu hajui. Vichwa hamsini na vinane vinageuka nyuma.

Madamu Kosa amekaza macho kwenye daftari. Kidole chake kinapigapiga dawati. Haruhusiwi kusimama, haruhusiwi kushika chaki, na mkuu wa shule alimrudia hayo mara mbili asubuhi hiyo.

Anainua mkono.

"Naomba kuuliza, mwalimu."

"Uliza, Madamu. Tafadhali sana, uliza."

"Tukiweka sifuri mahali pa x, upande wa kushoto tunapata ngapi?"

"Sifuri," darasa linajibu.

"Ni ndogo kuliko sita?"

"Ndogo!"

"Basi sifuri inafaa. Sasa mwalimu, mbona jibu letu linaikataa?"

Mnong'ono unapita kwenye madawati. Msichana wa mstari wa mbele anapiga kelele kwamba alama ilitakiwa igeuke, ukigawa kwa hasi inageuka. Mwalimu wa jiografia anashusha pumzi, anafuta, anageuza alama, na anasema kwa sauti ambayo kila mtu anaisikia, "Haya, leo tumejifunza sote, na mimi wa kwanza." Watoto wanacheka naye.

Madamu Kosa hacheki. Ameinamisha uso, na anapoinua, macho yamelowa.

Wakati wa mapumziko, mwalimu wa jiografia anamfuata koridoni na kumwomba radhi. "Mimi niulize mito, dada yangu. Niulize milima. Hii kazi ni yako, wananivisha koti la mtu."

"Si kosa lako," anamjibu. "Kesho ni jedwali. Pitia kwangu saa tisa tuandae."

Atafanya hivyo kwa wiki zote sita, anasema: ataandaa kila kipindi, atamfundisha mwalimu wa jiografia alasiri, kisha atakaa nyuma asubuhi. Jibu likija zuri, ataingia darasani siku hiyohiyo, hata kikiwa kipindi cha mwisho. Likija baya, hajui. Anaanza kusema kuhusu miaka miwili na kozi, anaishia njiani, anatazama dirisha la kidato cha pili.

"Nimeinua mkono leo kwa sababu watoto walikuwa wanaumia," anasema. "Lakini nina miaka arobaini na miwili. Sitaki tena kuinua mkono kuomba ruhusa ya kusema ninachokijua."