Programu ya Maji Niliyoihamisha kwa Hasira

Mume wangu ni Mmatumbi wa milimani. Yeye na maji ya delta wapi na wapi. Alipoanza kuendesha boti ya abiria Kiongoroni, kijiji cha delta ambako boti hupita maji yakijaa tu, sisi Wandengereko tulimcheka mpaka mbavu zikauma. Basi nikamwandikia programu ndogo. Unaandika tarehe, inakutolea saa mbili ambazo maji yatajaa siku hiyo, kwa saa zetu za Kiswahili. Nilikuwa nachapa karatasi ya mwezi mzima kwenye duka la steshenari ninakofanya kazi, Kibiti, namtumia. Miaka miwili hakukwama hata siku moja.

Kisha laptop yangu ikafa. Ikabaki kompyuta kuukuu ya dukani, ambayo haikuweza kuendesha Python, lugha ya kompyuta niliyoandikia programu. Nikaihamishia lugha ya C. Siku tatu nilitukanana na mashine ile. Nilipiga meza, nikamfokea mteja aliyetaka kopi ya cheti tu, masikini. Mwishowe ikaniandikia saa ya maji kujaa kuwa tatu, yenye alama ya kutoa mbele yake. Damu ikanichemka. Saa gani hiyo? Nikaongeza mstari mmoja wa kuifuta ile alama, nikachapa karatasi, nikafunga duka.

Laiti ningetulia. Saa yetu inapatikana kwa kutoa sita kwenye saa ya kompyuta, na ukitoa sita kwenye tatu ya kompyuta, ambayo kwetu ni saa tisa usiku, unaangukia chini ya sifuri. Python ilikuwa inazunguka yenyewe kama mshale wa saa mpaka tisa. C haizunguki, inakuachia kazi hiyo uifanye wewe. Kwa hiyo maji ya saa tisa usiku karatasi yangu iliyaandika saa tatu. Na mtu yeyote wa delta anajua kwamba maji yakijaa saa tisa usiku, saa tatu asubuhi mto ni tope tupu. Mimi mwenyewe mtu wa delta sikuisoma karatasi ile hata mara moja.

Kumi la mwisho la Ramadhani, siku chache baada ya kumtumia karatasi ile, nilikwenda Kiongoroni kufunga naye. Asubuhi moja, kwenye saa moja hivi, wakamleta mama mjamzito. Mkunga alikuwa amesema mtoto amekaa vibaya, afikishwe hospitali upesi, la sivyo atamfia tumboni.

"Baba, twende," mama mkwe wa yule mjamzito akamwambia mume wangu. "Maji yanatoka haya."

Mume wangu akatazama karatasi. "Tulia, mama. Saa tatu yanajaa. Tukitoka sasa tutakwama njiani."

Mimi nilikuwa uani nafua. Nikapaza sauti kwamba karatasi zangu hazijawahi kudanganya.

Wakasubiri. Mpaka walipochoka kusubiri na kumpakia kwa nguvu, mto ulikuwa umekwisha. Boti ikakaa kwenye tope kati ya mikoko, jua likiwachoma, na mama yule akapiga mayowe mpaka sauti ikamkauka. Mtoto alizaliwa humo humo botini, amekufa. Maji yalirudi mchana, yakawarudisha Kiongoroni.

Kaka wawili wa yule mama walikuwa wanangoja. Walimvuta mume wangu kwa shingo, wakampiga kwa fito za mikoko, mgongoni, kichwani, mdomoni. Nilisikia mfupa wa mkono wake ukivunjika. Watu wazima wamefunga, na hakuna aliyesema basi. Mkubwa wao akaikunjua karatasi usoni pake. "Nani kakuandikia upuuzi huu?"

Mume wangu akatema damu na jino. Alinitazama mara moja. "Nimeandika mwenyewe," akasema.

Yeye, ambaye hajui hata kuwasha kompyuta. Nilikuwa hatua mbili kutoka pale, na niliogopa, naapa niliogopa zile fito. Sikufungua mdomo. Wakaanza kumpiga upya.