Mfarishi wa Ng'ombe Kumi na Wawili

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa sindano. Fundi Mkuu, mzee wa Kipini aliyemfokea kila mtu barazani isipokuwa Tajiri mwenye duka, alinipa kapu la vibaki vya vitambaa akaniambia nivichambue kwa rangi. Nikakaa ndani penye ubaridi, nikavipanga mafungu mafungu, nikajisifu moyoni. Akaja, akavikumba vyote, akavimwaga nje juani. Fungu nililoliita jeusi likatokea nusu buluu, nusu kahawia.

"Ndoo nde," alisema, yaani njoo nje, kwa lugha ya kwao. "Dukani hamna rangi, binti. Dukani mna kivuli. Mato umepewa ya nini?" Mato kwao ni macho.

Ilikuwa Garsen, miaka ya hamsini, nami msichana wa Wenje niliyejua kushona pindo na kujibu watu. Ninyi wa leo mnanunua blanketi la kiwandani. Sisi tulishona mfarishi: juu viraka, chini merikani, katikati sufi, kisha unapiga bandi kupitia tabaka zote tatu ili sufi isikimbilie pembeni. Merikani ni pamba nzito isiyopaushwa, bafta ni nyeupe laini, na kaniki ni ile nyeusi inayochuja. Usipoifua kwanza itawapaka majirani zake wote. Kitambaa kipya kilifuliwa mara tatu kabla ya mkasi kukigusa. Hilo halikuwa na mjadala.

Mwaka wa pili akaja Mama Halima, mjane wa Kiorma. Binti yake Halima alikuwa anaolewa Madogo, mbali sana kule juu mto unakotoka, na msafara ungeondoka baada ya wiki tatu. Alitaka mfarishi wa viraka kumi na viwili, kila kiraka ng'ombe mmoja wa marehemu mumewe.

"Mtoto yangu naenda mbali," alisema. "Kule hapana ona ng'ombe ya baba yake. Wewe shona, yeye nalala nayo."

Akanitajia ng'ombe mmoja mmoja: mwekundu, mweupe, mweusi, wa madoa. Fundi Mkuu akanigeukia. "Huu ni wako peke yako. Ukikubaliwa, cherehani ya pili ni yako. Ukirudishwa, unarudi kwenye kapu."

Sikulala kwa furaha. Mwekundu nikachagua bendera, kile kitambaa chekundu cha kung'aa. Mweupe, bafta. Mweusi, kaniki. Nilichagua nikiwa nimekaa mle mle dukani, maana nilishajiona fundi. Na niseme kweli, sisi Wapokomo wakati ule tulimtazama ng'ombe pale tu alipoingia shambani, na hapo huwa hutazami rangi, unatafuta fimbo.

Mama Halima alikuja wiki mbili baadaye, akautandaza uso wa mfarishi kwenye baraza. Akakipitia kiraka kimoja kimoja kwa macho. Kisha akaweka kidole juu ya bafta.

"Hii ya maiti."

Bafta ndiyo tuliyokata sanda kila siku, na mimi nimemshonea bibi harusi.

Akasogeza kidole kwenye nyekundu. "Na hii? Ng'ombe gani hii? Hii naumwa."

Fundi Mkuu hakunifokea, na hilo liliniuma zaidi. Alinipa mkasi na kapu. "Zimebaki siku saba. Nenda kwa ng'ombe wenyewe."

Nikaenda mtoni Waorma wanakonywesha mifugo, kapu kichwani, vibaki nimevitunga kwenye uzi kama samaki. Wachungaji walicheka mpaka wakakaa chini. Mama Halima hakucheka. Alinishika mkono akaniongoza kwa kila ng'ombe, nami nikabandika kitambaa ubavuni mwake, juani, nikatazama. Yule mweupe hakuwa mweupe hata kidogo. Shingoni alikuwa majivu, ubavuni maziwa yaliyotiwa tone la chai. Mwekundu alikuwa kahawia ya udongo mto unapopungua. Mweusi, mgongo wake ulikuwa umeunguzwa na jua ukawa kama kutu.

Nilirudi nikafumua vyote. Merikani nikaichemsha kwa majani ya chai mpaka ikashika ile rangi ya maziwa. Kaniki nikaifua na kuianika siku tatu ili ipauke. Kahawia ile ya udongo haikuwepo dukani kabisa, nikaenda kumwomba mzee wa kivuko kaptula yake kuukuu ya kaki, naye akanipa huku akiniuliza kama namtaka na yeye aliyemo. Siku ya saba vidole vyangu vilikuwa vimetoboka, na bandi ya mwisho niliipiga wanawake wakiwa tayari wanafunga mizigo.

Halima aliutandaza chini. Hakuna aliyemwambia kiraka kipi ni ng'ombe yupi. Akagusa kiraka cha kwanza akataja jina la ng'ombe, cha pili akataja, mpaka cha kumi na mbili, bila kukosea hata mmoja. Mama yake akageuka upande. Fundi Mkuu akakohoa akasema, "Cherehani ile ina mkanda mbovu, utaubadilisha mwenyewe." Nililia pale pale, sikujificha.

Baadaye nilipelekwa Kipini, kisha Hola, chumba cha ushonaji cha hospitali. Matroni aliniambia, "Fundi, wagonjwa hawatazami rangi." Nikamjibu, "Wanatazama, Matroni. Wana nini kingine cha kutazama?" Akaniachia. Nilistaafu pale, na ukiniuliza kama nilikuwa hodari nitakwambia ndiyo, maana aliyenifundisha hakuwa na mchezo.

Nilikuwa nimeshastaafu Halima aliponitafuta, naye ni bibi sasa. Aliufungua mfarishi mapajani mwangu. Umeshika rangi vizuri, ila kiraka kimoja kimechanika.

"Wale wenyewe walikufa kiangazi, wote," alisema. "Mama pia hayupo. Hawa ndio waliobaki. Huyu mponye."

Macho yangu siku hizi hayafiki mbali. Nikachukua kapu, nikataka kuchagua kitambaa pale pale ndani, kitandani nilipokaa. Halima akanishika mkono, kama mama yake alivyonishika.

"Hapana hapa," akasema. "Twende nje."