Kicheko cha Sehemu ya Pili

Mzee Pankras wa Mapera ana vitu viwili vya kujivunia: mibuni aliyoachiwa na baba yake, na *Nahodha Kipanga*, filamu ya sehemu saba anayoijua neno kwa neno. Ukimgusa kwenye kahawa atakujibu kwa kifupi. Ukimgusa kwenye *Kipanga*, weka jembe chini, siku hiyo hulimi tena.

Ni habari za nahodha wa meli ya mizigo ya Ziwa Nyasa, aliyekataa kubeba magendo, na matajiri wakamsaka kuanzia Mbamba Bay mpaka huku milimani. Katika sehemu ya pili anajificha Umatengo na kujifanya mkulima. Hapo ndipo Pankras huwaambia watu wanyamaze. Nahodha anashika jembe kwenye shamba la ngolo, kilimo cha mashimo cha Wamatengo. Sasa, kila mtoto wa Kimatengo anajua kuwa kazi ya mwanamume ni kufyeka nyasi na kuzilaza kwa miraba. Kuchimba katikati ya mraba na kuzifunika nyasi kwa udongo ule, mpaka shimo litokee, ni kazi ya wanawake. Nahodha anafanya ya wanawake, tena anaivuruga: udongo anaurudisha shimoni. Nyuma yake mama mmoja wa kitenge cha njano anaacha kulima, anamtazama, kisha anacheka mpaka anajishika magoti. Sekunde nane tu, halafu filamu inaendelea.

Mama huyo ni Rosina, mke wa Pankras, na shamba ni lao. Pankras hupenda kusema kwamba siku ile naye alikuwepo. Hasemi kwamba alipoiona kamera alijificha kwenye mibuni kwa aibu.

Rosina alifariki miaka minne iliyopita. Ukutani zimebaki picha zake tatu, zote amenuna kama watu wanavyonuna wakipigwa picha. Sauti yake haipo popote duniani, isipokuwa kwenye sekunde zile nane.

Mwezi wa pili Pankras alikwenda Mbinga kutafuta mbolea, akapita kwenye banda la video la Swalehe kama kawaida yake. Swalehe akampa habari: *Kipanga* amepata mwenyewe mpya. Kampuni moja ya Dar es Salaam imenunua sehemu zote saba, inataka kuzisafisha na kurekodi upya palipo na kasoro, na zile za zamani imeshaziondoa mtandaoni. Pankras aliomba awekewe sehemu ya pili papo hapo. Swalehe akajikuna kichwa. Diski ile kuna mtu aliiazima mwaka juzi, na mtu mwenyewe hamkumbuki.

Pankras aliingiwa na hofu ya kweli. Wenye mali wapya anawajua, kazi yao ya kwanza ni kung'oa alichopanda mwenzao.

Kampuni ilikuwa imewaomba mashabiki watoe maoni, basi Pankras alitamka na Swalehe akaandika kwenye simu. Na hapa mzee wetu alijipalia makaa mwenyewe. Aliona haya kusema anamlilia mkewe, mtu mzima na mvi zake, tena mbele ya Swalehe. Akasema kama mtaalamu: "Sehemu ya pili msiiguse. Sisi wa huku tunajua nahodha amekosea ngolo. Mwanamume hafuniki nyasi, na udongo haurudi shimoni. Ndiyo maana yule mama anacheka. Kosa hilo ndilo utamu wenyewe."

Jibu lilikuja juma lililofuata, la adabu kabisa. Walimshukuru kwa kuwaonyesha kosa, wakamwahidi kwamba kipande hicho kitarekodiwa upya.

Tangu siku hiyo Pankras hakukaa akatulia. Kanisani alisimama wenzake walipokaa. Chakula kilimshinda. Wasiwasi wake mkubwa hakuuambia mtu: akiwa shambani alijaribu kukisikia kile kicheko kichwani, na kila siku kilimjia hafifu zaidi. Kwa nini hakusema tu kwamba yule ni mkewe? Alijiuliza hivyo akifyeka, akajiuliza hivyo akilaza nyasi, mpaka miraba yake ikaenda upande.

Alikuwa kwenye nyasi hizo simu ilipoita. Binti mmoja alimwamkia shikamoo, akajitambulisha kuwa ni Sumaiya wa kampuni ile. Walitaka mzee awaelekeze ngolo ya kweli, na awatafutie mama wa kucheka.

"Yule aliyecheka hakuwa anaigiza," Pankras alisema. "Ni mke wangu. Amekufa, mwanangu. Sauti yake sina mahali pengine."

Sumaiya alimwambia ukweli, kwamba kipande kimeshakatwa na uamuzi haukuwa wake. Ila waliponunua filamu walikabidhiwa pia kanda za awali zilizotumika kurekodia. Angezitafuta, lakini mzee asiweke tumaini kubwa, maana nyingine zimeota ukungu.

Siku tano Pankras alishinda bandani kwa Swalehe, maana simu yake mwenyewe haifungui video, mbegu za maharage zikimngoja nyumbani. Ya tano, simu ya Swalehe ililia. Swalehe alitazama kioo, akampa mzee simu, akatoka nje bila kuambiwa.

Kitenge cha njano kilikuwepo. Nahodha alirudisha udongo shimoni, Rosina akacheka, akajishika magoti. Zile sekunde nane zikapita, na picha haikukatika. Rosina aliinuka akifuta machozi ya kicheko, akageukia mibuni, akaita kwa Kimatengo, kwa sauti ambayo filamu haikuwahi kuitoa:

"Baba Edina! Njoo umtoe huyu mgeni, anatufukia mashimo!"

Alisubiri, mkono kiunoni, akitazama palepale mumewe alipojificha. Akaita tena. Hakuna aliyemjibu. Akatikisa kichwa, akainama akaendelea kulima, na kanda ikaishia hapo.

Pankras aliirudisha mwanzo. Safari hii Rosina alipoita, mzee aliitika.